Muhuri wa bluu kwenye nyama: ulianzia wapi, na unathibitisha nini hasa?

Mama_Majengo (Moshi) aliandika:

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Naomba maelezo kutoka kwa wale wanaofahamu mambo ya nyama na sheria zake. Mwaka huu, kama ilivyo desturi, ukoo wa mume wangu utakutana Kibosho wakati wa Krismasi, na shemeji yangu ameshanunua dume kwenye mnada wa Weruweru kwa ajili ya kuchinja nyumbani. Nilipouliza kama tutamwita afisa mifugo aje kumkagua, ulizuka ubishi ambao haujaisha hadi leo. Shemeji anasema kwamba babu zao walichinja miaka yote pale mgombani bila mkaguzi wala muhuri, kwamba ukaguzi ni njia tu ya kukusanya ushuru, na kwamba anayekula nyama iliyoiva hana cha kuogopa.

Sina elimu ya mifugo. Lakini miaka mitatu iliyopita niliumwa homa iliyokuja na kuondoka kwa wiki tano, nikatibiwa malaria mara mbili, kabla ya kujulikana kwamba ilikuwa brusela, ugonjwa ambao mtu huupata kutoka kwa mifugo. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza. Ningependa kuelewa mambo mawili. Kwanza, wazo hili la serikali kukagua nyama ya watu lilianzia wapi na kwa sababu gani? Pili, mkaguzi anapogonga ule muhuri wa bluu, anakuwa ameona nini, na ni kitu gani ambacho hawezi kukiona?

Mkaguzi_Mstaafu (Arusha) alijibu:

Pole sana, mama, kwa maradhi yaliyokupata. Nilikagua nyama kwa miaka 31 katika machinjio mbalimbali ya mkoa huu wa Arusha, makubwa ya mjini na yale madogo ya minadani, kwa hiyo naomba nianze na swali lako la pili.

Watu wengi hudhani kwamba ukaguzi ni kukata nyama na kuitazama. Kwa maoni yangu, nusu iliyo muhimu zaidi hufanyika wakati mnyama angali hai, amesimama zizini, na bado hajasumbuliwa. Mkaguzi humtazama anavyotembea na anavyopumua, kama manyoya yamesimama, kama ametengwa na wenzake, kama anatokwa na makamasi au ute mdomoni, na akiwa na shaka humpima joto. Ng'ombe mzima ana joto la nyuzi 38 na nusu hivi. Akifika 40 au zaidi, siyo wa kuchinjwa siku hiyo, hata kama mwenye mali amesafiri naye usiku kucha.

Kwa nini nasisitiza jambo hili? Kwa sababu ya kimeta. Huku kwetu kaskazini kimeta si hadithi: mwishoni mwa mwaka 2016 kilizuka Selela, wilayani Monduli, kikaua wanyamapori na mifugo na kuwapata watu pia. Mnyama mwenye kimeta hapaswi kufunguliwa hata kidogo. Bakteria wake, akiwa ndani ya mzoga uliofungwa, hufa haraka mzoga unapooza. Ukimpasua mnyama, damu ikakutana na hewa, bakteria huyo hujifungia ndani ya ganda gumu na kuweza kukaa ardhini miaka mingi sana, akisubiri ng'ombe mwingine aje kula majani mahali hapo. Kwa hiyo anayesema kwamba atachinja kwanza na mkaguzi ataitazama nyama baadaye, amekwisha kukosea kabla kisu hakijarudi kwenye ala. Mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi ikimtoka puani au nyuma na haigandi, hachunwi na haliwi. Anazikwa shimo refu au kuchomwa moto, na taarifa inatolewa siku hiyohiyo.

Baada ya kuchinja ndipo kisu changu kilipoanza kazi. Nilikata misuli ya taya na kupapasa ulimi, kisha nikafungua moyo, nikitafuta vifuko vya tegu, ambavyo huonekana kama punje nyeupe za mchele zilizojificha ndani ya nyama. Nilikata tezi za koo na zile zilizo katikati ya mapafu, kwa sababu kifua kikuu cha ng'ombe huacha humo uvimbe wenye usaha mkavu unaofanana na jibini, na kisu kikipita unasikia kama kinakwaruza mchanga. Nilipasua mirija ya nyongo ndani ya ini kutafuta minyoo bapa. Nilitazama wengu, figo, na utando wa mbavu kwa ndani. Kwa mtu aliyezoea, ng'ombe mmoja ni kazi ya dakika chache, lakini dakika hizo zinahitaji mwanga wa kutosha, kisu kikali, na mtu asiyesukumwa na wachuuzi waliopanga foleni na pikipiki zao.

Sasa nakuambia na jambo ambalo hukuliuliza moja kwa moja. Brusela yako ingeweza kupita chini ya kisu changu nisiione. Ng'ombe mwenye brusela mara nyingi huwa na nyama nzuri na ini safi. Vivyo hivyo bakteria wa salmonela, wanaoishi tumboni mwa mnyama ambaye wala haumwi. Muhuri unasema kwamba mnyama huyu alionekana mzima, na kwamba viungo vyake havikuwa na dalili zinazoonekana kwa macho na kuguswa kwa mkono. Hausemi kwamba nyama haina vijidudu, na hauwezi kusema lolote kuhusu yale yatakayotokea baada ya nyama kutoka mlangoni.

Mwalimu_OldMoshi alijibu:

Nimesoma maelezo ya mzee wetu kwa shukrani. Mimi nafundisha historia, basi naomba nichukue swali la kwanza, na nitaanza na kisa kinachofanana mno na Krismasi ya Kibosho.

Mwezi Januari mwaka 1860, msichana mmoja aliyekuwa mtumishi wa shambani alipelekwa hospitali mjini Dresden, Ujerumani, akiwa na homa kali na maumivu ya misuli. Waganga walidhani ni homa ya matumbo. Alipofariki, daktari Friedrich Zenker alichunguza misuli yake kwa hadubini na kukuta imejaa minyoo midogo iliyojikunja, inayoitwa trikinela. Minyoo hiyo ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1835, pale mwanafunzi wa udaktari jijini London, James Paget, alipoiona kwenye maiti, lakini ilihesabiwa kuwa haina madhara. Zenker alifuatilia hadi shambani alikotoka msichana yule na kugundua kwamba kabla ya Krismasi walikuwa wamechinja nguruwe, na kwamba wengine waliokula, pamoja na mchinjaji mwenyewe, waliugua pia. Akapima nyama iliyobaki, na minyoo ilikuwemo. Mama_Majengo, naomba shemeji yako akisome kisa hiki kwa makini: ilikuwa karamu ya nyumbani, mnyama wa nyumbani, na ugonjwa ukaitwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Baada ya hapo Rudolf Virchow, mwanasayansi aliyekuwa pia mwanasiasa, alipigania kwamba kila nguruwe apimwe kwa hadubini kabla ya kuuzwa. Wachinjaji walimpinga vikali, lakini hatimaye upimaji huo ukawa wa lazima katika maeneo mengi ya Ujerumani. Mwaka 1892 daktari wa mifugo Robert Ostertag alichapisha mwongozo wake wa ukaguzi wa nyama, na mwaka 1900 ikapitishwa sheria moja ya ukaguzi kwa Ujerumani nzima. Hatua nyingi alizozieleza mzee wetu, za kukata taya, tezi na moyo, zinatokana na shule hiyo. Wajerumani hao ndio waliokuwa wakitutawala wakati huo. Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, ni la mwaka huohuo wa 1900.

Jambo linalonigusa zaidi katika historia hii ni kwamba mara nyingi sheria haikusukumwa na afya ya mlaji wa nyumbani, bali na soko la nje. Marekani ni mfano ulio wazi. Kuanzia mwaka 1879 Italia, na baadaye Ufaransa na Ujerumani, zilizuia nyama ya nguruwe ya Marekani kwa hofu ya trikinela. Hasara ilipowaumiza wafanyabiashara, ndipo Bunge la Marekani lilipopitisha sheria za ukaguzi za mwaka 1890 na 1891, na lengo kubwa lilikuwa kuwaridhisha wanunuzi wa Ulaya. Wamarekani wenyewe walisubiri hadi mwaka 1906. Mwaka huo mwandishi Upton Sinclair alitoa riwaya kuhusu maisha magumu ya wafanyakazi wa machinjio ya Chicago. Yeye alitaka watu wawaonee huruma wafanyakazi. Wasomaji wakashtushwa na nyama. Rais Theodore Roosevelt, ambaye hakumpenda Sinclair wala siasa zake, alituma wachunguzi wawili, Charles Neill na James Reynolds, na taarifa yao ilithibitisha uchafu mkubwa. Tarehe 30 Juni 1906 Roosevelt alitia saini sheria mbili kwa siku moja, ya ukaguzi wa nyama na ya usafi wa vyakula na dawa.

Katika mjadala wa sheria ile palikuwa na ubishi kuhusu nani amlipe mkaguzi. Seneta Albert Beveridge alitaka kampuni za nyama zilipe, kampuni zikakataa, na mwisho serikali ikatenga dola milioni 3 kwa mwaka. Nalitaja hili kwa sababu shemeji anadai kwamba ukaguzi ni ushuru tu. Gharama ya mkaguzi lazima itoke mahali fulani, ama kwenye kodi ya wote, ama kwa mwenye ng'ombe, na ubishi huo una umri wa zaidi ya miaka 100. Kuwepo kwa ada si ushahidi kwamba kazi yenyewe haina maana.

Hata wataalamu wakubwa walikosea njiani. Robert Koch, aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882 na ambaye alifika Dar es Salaam kwa utafiti mwaka 1897, alitangaza London mwaka 1901 kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya maana kwa binadamu. Waingereza waliunda tume iliyofanya kazi miaka 10, na mwaka 1911 ikahitimisha kwamba ni hatari, hasa kwa watoto wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa. Hata hapa kaskazini mwa Tanzania watafiti wamempata bakteria huyo wa ng'ombe kwa wagonjwa.

Kwa upande wetu, Watanzania wengi wanakijua kiwanja cha Tanganyika Packers pale Kawe kama mahali pa mikutano, bila kukumbuka kwamba palikuwa kiwanda cha nyama ya kopo iliyosafirishwa hadi Uingereza, nyama iliyopaswa kumridhisha mnunuzi wa mbali. Sheria ya kudhibiti ubora wa chakula ilikuja mwaka 1978, TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) ikaanza mwaka 2003, Sheria ya Tasnia ya Nyama iliyounda Bodi ya Nyama ni ya mwaka 2006, na mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ukahamia TBS (Shirika la Viwango).

Bucha_Mbauda (Arusha) alijibu:

Shikamoo, mzee mkaguzi, na wewe mwalimu asante kwa elimu. Mimi ni mwenye bucha, na nimeona niandike kwa sababu wenye bucha hutajwa kama watu wanaokwepa muhuri.

Mwezi Januari mwaka 2007, Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaowapata na watu, ilipothibitishwa Ngorongoro na kisha kusambaa nchini na kuua watu zaidi ya 100, nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza biashara hii. Kwa wiki kadhaa watu walihamia kuku, samaki na maharage, na mimi nilitundika robo moja ya ng'ombe tangu asubuhi hadi jioni bila kupata mteja wa kuimaliza. Wateja wa kwanza kurudi hawakuuliza bei. Waliuliza muhuri, wakaomba nigeuze paja ili wauone wenyewe. Wataalamu walitueleza wakati ule kwamba hatari kubwa haikuwa kwa mlaji wa nyama iliyopikwa, bali kwa yule anayechinja, anayechuna na anayegusa damu mbichi. Kwa hiyo, mama, shemeji yako anapozungumzia nyama iliyoiva anasahau wale vijana wa ukoo watakaoshika kisu, na wale akina mama watakaosafisha utumbo mtoni.

Ningependa pia kuongeza neno juu ya yale yanayotokea baada ya muhuri, kwa sababu hapo ndipo makosa yangu na ya wenzangu yanapoanzia. Nyama hutoka machinjioni ikiwa safi, kisha ikapakiwa kwenye chombo kilichobeba ngozi jana yake. Utumbo ukitobolewa kwa bahati mbaya wakati wa kupasua, mavi hugusa nyama, mtu akafuta kwa kitambaa kilekile alichofutia ng'ombe watano, na uchafu wa mmoja unakuwa wa wote. Kigogo cha kukatia nyama nacho, kisipokwanguliwa na kutiwa chumvi kila jioni, kinabeba ya juzi. Siku hizi natumia msumeno na meza ya chuma, na nyama ya kusaga naisaga mbele ya mteja, kwa kiasi anachotaka, siweki iliyosagwa tangu asubuhi.

Mwalimu_OldMoshi aliongeza:

Hoja ya nyama ya kusaga ni nzito kuliko inavyoonekana. Mwaka 1993, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 walifariki baada ya kula nyama ya kusaga isiyoiva katikati, iliyokuwa na bakteria aitwaye E. coli O157. Nyama ile ilikuwa imekaguliwa kwa kufuata sheria ya 1906, kwa jicho, pua na kisu. Kwenye kipande kizima bakteria hukaa juu, na moto huwafikia. Ukisaga, wa juu wanaingizwa ndani. Kutokana na vifo vile, mwaka 1996 Marekani ilivitaka viwanda vya nyama vichambue kila hatua ya kazi, vijue ni wapi uchafu unaweza kuingia, na vidhibiti hapo na kuweka kumbukumbu, mfumo ambao ulibuniwa awali kwa ajili ya chakula cha wanaanga. Nchi za Ulaya zilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2014, ukaguzi wa kawaida wa nguruwe hufanywa kwa kutazama bila kukata, kwa kuwa kisu cha mkaguzi chenyewe kinaweza kuhamisha vijidudu kutoka tezi moja hadi nyama ya mnyama mwingine.

Mkaguzi_Mstaafu (Arusha) alijibu:

Bucha_Mbauda, marahaba, mwanangu. Ninayokubaliana nayo ni mengi, ila kuhusu kuacha kukata naomba watu wasiichukue hoja hiyo na kuileta hapa ilivyo. Wenzetu wa Ulaya wanaacha kisu kwa sababu kila nguruwe ana kumbukumbu za shamba alikotoka, amekulia ndani, na tegu na kifua kikuu vimekaribia kuisha kwao. Nguruwe wetu wengi bado wanazurura. Kule Mbulu, watafiti wa hospitali ya Haydom wameonyesha uhusiano wa tegu wa nguruwe na kifafa, kwa sababu mayai ya tegu yakimfikia mtu, vifuko hujijenga hata ndani ya ubongo. Tukiacha kukata leo, tunafumba macho mahali ambapo bado kuna kitu cha kuona. Kwetu kisu kinahitajika, pamoja na maji ya moto ya kukichovya kila baada ya mnyama mmoja.

Mama_Majengo (Moshi) aliandika:

Shikamoo, mzee wangu, na asanteni wote. Nimemsomea shemeji majibu haya jana usiku, akasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si la kawaida kwake. Kisa cha msichana wa Dresden kilimnyamazisha. Hata hivyo ameuliza maswali mawili ninayoyaleta kwenu. La kwanza ni kuhusu kisusio, yaani mchuzi wetu wa damu, kwa kuwa kwetu dume halichinjwi bila kisusio, na damu hukingwa palepale shingoni: je, tukiacha mkaguzi amtazame ng'ombe akiwa hai, damu inakuwa salama? La pili, anauliza ni kwa nini babu zake hawakufa.

Mkaguzi_Mstaafu (Arusha) alijibu:

Marahaba, mama. Kuhusu damu, ng'ombe aliyekaguliwa akiwa hai akaonekana mzima anakuondolea hofu kubwa, lakini si zote. Damu ndiyo chakula ambacho vijidudu hukipenda kuliko chochote, kwa hiyo ikingwe kwenye chombo kilichooshwa kwa maji ya moto, shingo ikiwa imesafishwa matope, na isikae: iende jikoni mara moja ichemke hadi ndani, si kupashwa moto tu. Kunywa mbichi, kama wafanyavyo baadhi ya vijana kuonyesha ujasiri, mimi nasema hapana, na ninasema hapana nikiwa nimeketi na wazee wa Kimasai na wa Kichaga kwa heshima yote. Anayekinga damu, na anayetoa utumbo, asiwe na kidonda mkononi. Akipata glavu, avae. Mwenye mimba asikae karibu na kazi hiyo kabisa.

Kuhusu babu zake, sina budi kusema kwamba baadhi yao walikufa. Ilisemwa tu kwamba wamekufa kwa homa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wagonjwa waliolazwa kwa homa hapo hapo Moshi ulionyesha kwamba wengi mno walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria ilhali waliokuwa nayo kweli ni wachache sana, na kundi kubwa lilikuwa na magonjwa yatokanayo na wanyama: brusela, homa ya mgunda, na mengineyo. Wewe mwenyewe ulipitia njia hiyo wiki tano. Tena babu zake walimjua ng'ombe wao tangu siku aliyozaliwa, walimfunga na kumlisha majani ndani ya zizi lao, wakajua siku aliyokataa kula. Huyu wa Weruweru mmemjua kwa muda gani?

Mama_Majengo (Moshi) aliandika:

Siku nne, mzee. Shemeji ameondoka sasa hivi kwenda kwa afisa mifugo wa kata. Amepiga simu akiwa huko, akasema wamekubaliana kwamba dume apumzike, atazamwe jioni ya tarehe 23, na afisa arudi saa 12 asubuhi ya tarehe 24, kabla kisu hakijanolewa. Glavu nitanunua mimi kesho mjini, jozi 12.